Deli la lita 26 la Kariakoo: limenivusha kiangazi chote, ila mfuniko wake nina kesi nao

Nianze na bei ya hili deli, boksi la plastiki la kutunzia vinywaji baridi, maana najua ndo mnachosubiri. 68,000. Jamaa alianzia 90,000, nikamwambia kaka kwa hela hiyo si bora niongezee nichukue friji la mtumba, akacheka akashuka 80,000, nikafanya kama naondoka, ile ya kuondoka taratibu huku masikio umeyaacha nyuma, nikasikia "bosi njoo tuelewane", basi tukaelewana. Deli la bluu, mfuniko mweupe, lita 26, mkono mmoja wa juu wa kukunja, halina matairi, halina kile kitundu cha chini cha kutolea maji. Kampuni siijui, stika ilibanduka yenyewe wiki ya kwanza na ilikuwa na maandishi ya kichina matupu.

Nimelitumia kuanzia katikati ya Desemba mpaka sasa hivi mvua zinaanza kunukia, karibu kila Jumapili, kwa hiyo siongei kama mtu aliyelifungua jana akapiga picha.

Sababu ya kununua ni joto, hakuna nyingine. Mnaokaa Dar mnajua Januari na Februari inavyokuwa, kile kipindi cha kaskazi ambapo unaoga unatoka bafuni unaanza kutoka jasho kabla hujavaa shati. Mimi nakaa Kigamboni pande za Mjimwema, kutoka kwangu mpaka baharini ni robo saa kwa miguu, sasa washkaji wangu wa mjini wakishajua una nyumba karibu na maji hawakuachi, kila Jumapili wanavuka na pantoni kwa mia mbili zao wanakuja kushinda. Tuko wanne wa kudumu: mimi, fundi simu mmoja wa Kariakoo, mwalimu wa fizikia wa sekondari, na binamu yangu wa kike ambaye ndo mvuvi wetu. Na Bobi, mbwa wangu, huyo ndo wa tano na hachangii kitu. Kabla ya deli tulikuwa tunanunua vinywaji hukohuko ufukweni, soda moja bei ya sahani ya chipsi, mtu unakunywa taratibu mpaka inapata moto mkononi. Tukachanga kumi kumi, mimi nikamalizia, likaja deli.

Siku ya tatu klipu ya kufungia ikavunjika. Siyo kwamba nililidondosha, nilifunga tu kama binadamu, ikasema tap, kipande kikarukia chini ya kochi. Nikarudi nalo dukani (duka silitaji, hayo tumeshayamaliza), muuzaji hakunijibu hata neno, akanyoosha kidole ukutani kuna kibao BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, mimi nasoma kibao yeye anasoma simu. Nikarudi na pantoni na deli langu kichwani. Mpaka leo mfuniko unafungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli nilichopewa bure na fundi wa mtaani, na niwaambie ukweli kinabana kuliko ile klipu. Kwa hiyo ukinunua la aina hii ihesabu klipu kama pambo.

Sasa barafu, maana hapa ndo watu wengi wanaharibu halafu wanasema deli bovu.

Jumapili ya kwanza fundi simu akajifanya mjanja, si anapita Feri kupanda pantoni, akanunua bonge la barafu palepale sokoni kwa samaki, kalifunga kwenye kiroba, kafika nalo linadondoka maji njia nzima na abiria wenzake wamemnunia. Bonge lenyewe haliingii. Tukalipasua kwa jiwe, vipande vikaingia, soda zikaingia, saa nzima tunasubiri tunafungua ya kwanza, ya machungwa. Baridi safi kabisa. Ila aisee ukiipeleka mdomoni pua inakwambia kibua. Na siyo kosa la barafu, ile ni barafu ya samaki, imetengenezwa kwa ajili ya samaki, sisi ndo tuliipeleka kusikokuwa kwake. Harufu ilikaa kwenye deli siku nne, nikaosha na sabuni haikutoka, nikasugua na maganda ya ndimu mara mbili nikaliacha wazi juani ndo ikaondoka. Hapo deli nikalipa maksi, plastiki yake ya ndani ni laini na haina vimichirizi, harufu haipati pa kujificha.

Baada ya pale tukahamia kwenye chupa. Mama wa nyumba ya pili anauza barafu za ubuyu, ana friza kubwa, ananigandishia chupa 5 za maji za lita moja na nusu namlipa 2,000, Jumamosi jioni nampelekea, Jumapili asubuhi nachukua mawe. Faida yake ni kwamba haimwagi maji ndani, karatasi za soda hazibanduki, ikiyeyuka unakunywa, na bonge kubwa linachelewa kuyeyuka kuliko vipande vidogo. Nililijaribu nyumbani siku moja umeme ulipokatika, chupa 5 ndani, saa nane mchana Jumamosi, nikaliweka kibarazani kivulini nikakaa mbali nalo, kesho yake saa sita mchana nafungua kila chupa bado ina jiwe katikati. Karibu saa 22 kwa deli la 68,000! Nikawatumia picha washkaji.

Jumapili hiyohiyo tukaenda nalo beach na chupa 5 nyingine mpya, saa kumi alasiri maji matupu.

Tukaanza kulaumiana. Mwalimu wa fizikia, ambaye kawaida ukimuuliza kitu cha kazini siku ya mapumziko anakasirika, siku hiyo akashika kijiti akaanza kuchora mchangani. Akasema nyie mmeweka soda 18 zimetoka dukani zina joto la nyuzi 30, mnataka zifike 4, hizo ni karibu kilo 6 na nusu za maji ya kupoza, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka inakula joto sawa na kupoza kilo moja ya maji kwa nyuzi 80, pigeni hesabu. Tukapiga: kilo mbili nzima za barafu zinaishia kwenye kupoza soda tu kabla hata mtu hajanywa. Deli halitengenezi baridi jamani, linatunza ile uliyoliwekea, ukiliwekea joto litahangaika nalo. Tangu siku hiyo soda zinalala kwenye friji langu usiku, na deli lenyewe natia chupa moja ya barafu nusu saa kabla ya kupanga ili kuta zake nazo zipoe. Tofauti unaiona siku hiyohiyo.

Kilo zile mbili lakini hazikutosha kueleza barafu yote ilienda wapi. Jibu la pili tulilipata kwa bahati, na linahusu drafti.

Mfuniko wa deli ni bapa, kimo chake ukikaa mchangani kinakufika kifuani, yaani meza. Ubao wetu wa drafti ni plaiwudi fundi simu kachora mwenyewe na maka peni, kete ni vizibo vya soda, mmoja anaweka juu juu mwingine chali. Ubao ukikaa juu ya mfuniko umetulia kabisa. Shida ni nini sasa, ukitaka soda lazima ubao unyanyuliwe, ukinyanyua vizibo vinateleza, na mtu anayefungwa siku zote ndo anapata kiu. Mwalimu akibakiza kete tatu utamsikia "jamani koo limekauka", ananyanyua ubao upande mmoja, hooo samahani kete zimehama, tuanze upya. Zimetokea kelele hapo mpaka watoto waliokuwa wanaogelea wakatoka majini kuja kuangalia. Ikabidi tuweke sheria, mfuniko haufunguliwi mpaka mchezo uishe, mwenye kiu atafune embe.

Na ndo tukagundua. Siku za drafti barafu inafika mpaka magharibi, siku ambazo hatuchezi saa kumi imeisha. Deli lilelile, chupa zilezile. Kumbe tulikuwa tunafungua kila dakika tano, huyu anachukua maji, huyu anachungulia tu kama kuna Fanta imebaki, huyu kaacha mfuniko wazi anafikiria anywe nini. Kwa hiyo kama mtu ananiuliza deli hili linatunza baridi saa ngapi namjibu inategemea, unacheza na nani.

Ila huu mfuniko wenyewe sasa. Ndani yake ni mtupu! Nimegonga, kuta zinajibu tu, tu, zimeshiba povu, mfuniko unajibu ko, ko kama ndoo. Hawakuweka povu juu, wameweka hewa. Bawaba nazo ni plastiki nyembamba imekunjwa, siyo chuma, moja imeshaanza kuweka mstari mweupe ule wa kukatika. Halafu binamu alikuja na mchumba wake Jumapili moja, kijana mzuri tu, mpole, kilo 90 na kitu, akakaa juu ya deli. Tulichelewa kumwambia asikae. Sasa mfuniko una bonde katikati na drafti inachezwa kwa kuweka kanga iliyokunjwa chini ya ubao ili vizibo visikimbilie katikati. Shemeji kaomba radhi, tikiti la wiki iliyofuata alileta yeye, yameisha.

Na tikiti ndo kitu ninachowaambia watu, msihangaike na soda tu. Nusu tikiti, siyo zima maana zima haliingii, ulilalishe juu ya chupa za barafu upande wa nyama chini umelifunika na mfuko, saa tatu baadaye ulitoe ulikate pale mchangani na kisu cha samaki (kioshe kwanza, tumejifunza). Mkono wote mpaka kwenye kiwiko unachuruzika, mbegu mnatemeana, hakuna anayeongea kwa dakika tano. Embe dodo za Desemba nazo ukiziweka baridi halafu chumvi na pilipili, wacha kabisa.

Tuje kwa Bobi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema ulimi nje, kwa hiyo joto la mchana linamtesa kuliko tunavyodhani, na mchanga wa saa saba unamchoma nyayo. Mkiona mbwa ananyanyua mguu mmoja mmoja kama anacheza ngoma siyo furaha hiyo, ni moto. Maji ya bahari pia usimwache anywe, Bobi alikunywa Desemba akatapika njia nzima kurudi. Sasa hivi ana kopo lake, kopo la rangi la lita moja, tunamwekea maji ya barafu iliyoyeyuka. Lake peke yake, halichanganywi na chochote, na kuna sababu.

Fundi simu ni Muislamu, anampenda Bobi kwa mbali, wanaheshimiana, yule anamrushia mfupa huyu anadaka. Jumapili moja ya Januari tumeenda kuangalia mshipi wote wanne, deli tumeliacha na ile tyubu haijafungwa vizuri, kurudi tunakuta mfuniko uko wazi na Bobi kaingiza kichwa chote, analamba ndani kwa raha zake, analamba chupa, analamba kuta. Tukanyamaza. Fundi simu akasema hapana, sikasiriki, lakini mimi humo sili tena mpaka lioshwe. Nikamwambia nitaliosha na sabuni. Akasema siyo sabuni, mara saba, na mojawapo kwa udongo. Huku pwani wengi ni Shafii na wao kwenye mate ya mbwa hawana utani, na mimi nikaona deli tumelichangia wote, ana haki yake.

Jioni nyumbani, nikachota udongo safi chini ya mwembe, tukaosha wote wawili, yeye anahesabu mimi namwaga maji. Udongo ukapita kila kona, kwenye mdomo wa mfuniko, kwenye bawaba. Mara ya saba alipomwaga maji akalinusa, akaligeuza juu chini, akasema sasa twende. Na mimi nikaangalia ndani na tochi ya simu kuona kama udongo umechubua plastiki: hakuna mkwaruzo hata mmoja. Sijui kama kuna deli lingine limefanyiwa jaribio kama hili, ila la kwangu limefaulu. Tatizo ni ile kukosa kitundu cha kutolea maji, kulipindua mara saba na mkono unaolegea siyo mchezo, mgongo uliniuma mpaka Jumanne.

Uvuvi sitaongea sana. Binamu ana mshipi wake kauzungushia kwenye chupa ya plastiki, ndoano ndogo, chambo donge la unga wa ngano kwa ajili ya tasi au kipande cha ngisi akitaka changu, anasubiri maji yanapojaa anarusha pale penye mawe. Siku nzuri anatoka na sita saba wa kiganja. Samaki tunawaingiza kwenye mfuko wao, ndani ya mfuko maji kidogo ya bahari na barafu iliyopondwa, wanapoa haraka na macho yanabaki yanang'aa mpaka usiku. Nje ya barafu kwa joto lile usithubutu, hasa kibua na jodari wadogo, hao wakikaa juani wanatengeneza sumu ambayo hata ukikaanga haitoki, unaanza kuwashwa na kuvimba uso unadhani umerogwa.

Siku moja tasi alimchoma. Wale miiba yao ina sumu, ya mgongoni na ya tumboni, yeye anajua vizuri tu ila alikuwa anacheka kitu. Akapiga kelele akakimbia moja kwa moja kwenye deli, akatumbukiza mkono mzima kwenye barafu, sisi tunamwambia safi safi kaa hapohapo. Maumivu yakazidi. Akawa analia. Mama anayekaanga mihogo pale pembeni ndo akaja na sufuria, akasema nyie watoto wa mjini mtamuua mwenzenu, toa mkono huko, akauweka kwenye maji ya moto, yale ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, baada ya muda dada akaanza kupumua vizuri. Sumu ya tasi inapozwa na moto siyo na baridi. Kwa hiyo niweke wazi, deli halifai kwa huduma ya kwanza ya tasi, na mihogo ya yule mama na chachandu yake tunanunua kila wiki mpaka leo, hata tukiwa tumeshiba.

Kubeba. Tupu ni jepesi, mtoto analibeba. Likijaa linafika kilo 17 au 18 na mkono ni mmoja katikati, kwa hiyo watu wawili hamwezi kusaidiana, ukibeba peke yako linakugonga mguuni kila hatua. Tulichofanya ni kupitisha mti kwenye mkono, mmoja mbele mmoja nyuma, kama wanavyobeba papa pale Feri. Tunapita mtaani hivyo na Bobi mbele, watu wanatuamkia.

Mtu wa familia ya watu sita saba asinunue hili, atafute la lita 40 na kuendelea, lenye chuma kwenye bawaba na kitundu cha maji, aongeze hela. Ukiwa na washkaji watatu wanne na una mahali pa kugandisha chupa, chukua, ila gonga mfuniko kwanza dukani usikilize, na usilipe zaidi ya 70,000.

Kitu cha mwisho. Bobi akichoka huwa analala ameegemea deli, tukadhani anatafuta kivuli. Wiki iliyopita nikaona hata kivuli kikihama yeye hahami, analala upande uleule, ubavu wa kushoto karibu na bawaba. Nikamwambia mwalimu. Akasogea akaweka kiganja pale, akaweka na upande wa kulia, akarudi kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa wa baridi na una vitone vya maji kwa nje, kama glasi ya maji ya friji. Povu halijafika huko, baridi yetu ilikuwa inavuja miezi mitatu na mbwa ndo peke yake alikuwa anajua. Nikakunja kitenge mara nne nikakifunga pale ubavuni kwa kipande kingine cha tyubu. Bobi akanusa kitenge, akaniangalia, akaenda kulala kwa mama wa mihogo.